Mshale Usiopanda

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Gari limetoa moshi mweupe asubuhi. Mwingi! Jirani alifunga madirisha, kisha akarudi kumwingiza paka. Nilimwambia kwa mbali kuwa ni umande tu, magari ya zamani ndivyo yalivyo. Akafunga na mlango.

Maji ya rejeta yamepungua tena. Nimelala chini ya gari robo saa nzima nikitafuta tone. Hakuna hata moja. Maji naweka, chini hayadondoki, na ndani hayapo. Nimeamua kutolifikiria jambo hili kwa sasa, maana leo kuna kubwa zaidi.

Mama mkwe amepiga simu. Dada yake mkubwa, ndiye pekee aliyebaki katika ndugu zake, anahama Jumamosi. Watoto wake wanampeleka kwa ndege akaishi nao nchi ya mbali. Anatoka nyumbani kwake saa sita mchana. Mama mkwe ana miaka sabini na minane, dada mtu themanini na nne. Alisema taratibu kwamba kuonana tena ni majaliwa, kwa hiyo anataka kwenda kumuaga. Ni mwendo wa saa mbili, na mlima katikati.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alishajitolea kumpeleka kwa gari lake jipya lenye ubaridi. (Katika daftari hili anaitwa Kiyoyozi.) Lakini mama mkwe kasema anataka kwenda na gari la marehemu mumewe. Yaani hili langu. Yaani na mimi! Marehemu aliniachia mimi gari, hakumwachia mwanawe, na Kiyoyozi jambo hilo halijamshuka kooni mpaka leo. Nilikubali kabla mama hajamaliza kusema.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Kwa fundi. Alichomoa kijiti cha oili akakitazama, akanionyesha. Oili ina rangi ya chai ya maziwa. Akafungua rejeta, akawasha injini. Mapovu yakapanda kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Akazima. Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kama daktari mwenye habari mbaya.

Maelezo yake: juu ya injini kuna hedi, mfuniko wake mzito, na kati ya viwili hivyo kuna gasketi, bamba jembamba linalozuia maji, oili na moto visikutane. Yangu imeungua. Maji yanaingia kwenye silinda, yanachemka humo, yanatoka nyuma kama moshi. Kwa hiyo ndiko yalikokuwa yakienda! Hedi ifunguliwe, ipelekwe kwenye mashine ikapimwe kama imepinda, isawazishwe, iwekwe gasketi mpya. Nikamuuliza itachukua siku ngapi. Akasema mpaka Ijumaa, labda Jumamosi.

Hilo "labda" ndilo lililoniponza. Labda maana yake ni Kiyoyozi. Nilimwona kabisa, amevaa miwani yake ya jua, akimfungulia mama mlango. Nikamwambia fundi nitafikiria. Akasema gasketi haingoji mtu afikirie, na kwamba kila nitakapowasha injini nitakuwa namwongezea kazi. Nikamshukuru, nikawasha injini, nikaenda zangu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Dereva mstaafu wa mtaani amenipa siri. Ute wa mayai. Unaumimina kwenye rejeta, unazunguka na maji, ukifika penye tundu unaiva na kuziba. Alisema aliwahi kuendesha lori miezi sita kwa mayai mawili. Nikatia manne.

Mke wangu aliuliza mayai yako wapi. Nikasema yalikuwa viza. Baadaye alipita karibu na gari, akasimama, akanusa, akaniangalia. Nikajifanya natafuta spana.

Nilizunguka mtaa mara tatu. Moshi umepungua! Mzunguko wa nne mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu na maji yakatapikwa barabarani, pamoja na vipande vyeupe. Mbwa mmoja alivila.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimekaa na kulitazama tatizo kwa utulivu. Injini ikiongezwa maji kila baada ya nusu saa inaweza kufika. Nitasema tunanyoosha miguu. Injini siyo tatizo. Tatizo ni mama mkwe.

Marehemu alikuwa na desturi yake. Yeye aliangalia barabara, mkewe aliangalia mshale. Miaka thelathini! Alimfundisha kwamba mshale ukipita nusu aseme, na alikuwa akisema, na marehemu alikuwa akisimama hapo hapo, hata kama nyuma kuna foleni ya kupiga honi. Gari halikuwahi kuchemka hata siku moja. Mama hajui kuendesha, lakini akikaa kiti cha mbele anauangalia ule mshale kama mtu aliyeweka kitu jikoni. Jumamosi atauona ukipanda. Atasema. Tutasimama. Atampigia mwanawe simu.

Jioni nilifungua boneti. Kuna waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kwenye mshale. Nimeuchomoa, nikaufunga kwa utepe mweusi. Nikawasha. Injini ikapata moto mpaka boneti haishikiki. Mshale haukutikisika, umelala chini kabisa kwenye baridi.

Nimejipongeza kwa soda.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimemleta mama mkwe alale kwetu. Dakika kumi za barabara. Aliuangalia mshale njia nzima, mwisho akatabasamu. Akasema nalitunza gari vizuri, halijawahi kuwa la baridi namna hii hata enzi za mwenyewe. Kiyoyozi alikuwepo mlangoni, akasikia kila neno. Siku tamu.

Ila nilipombebea mkoba niliona ameweka kanga mpya mbili, moja ya dada yake, moja yake, za aina moja. Sijui kwa nini hilo limenikaa rohoni.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika kwa sababu siwezi kukaa na watu.

Tulitoka saa tatu. Tukanyoosha miguu mara ya kwanza saa tatu na nusu, mara ya pili saa nne. Mama akauliza kama miguu yangu ina matatizo. Nikasema daktari ndiye aliyeshauri. Mlimani sikusimama, kwa sababu alikuwa anasimulia jinsi walivyopita hapo na marehemu mara ya kwanza, anacheka, na sikutaka kumkatiza. Kila baada ya maneno machache alikuwa akitupa jicho kwenye mshale. Kisha injini ikagonga mara mbili ikazima. Moshi ukatuzunguka hatuoni mbele wala nyuma. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Hapo ningempigia Kiyoyozi. Alikuwa mjini, nusu saa tu kutoka mguu wa mlima. Angetukuta, angempeleka, mama angewahi. Najua, nimepiga hesabu hiyo mara ishirini leo. Lakini nilisema ngoja nijaribu kwanza. Nikamimina maji. Nikangoja ipoe. Nikawasha. Nikamimina tena. Dakika hamsini nilizipoteza mlimani nikiogopa uso wa mtu mmoja.

Mwishowe nikampigia. Kiyoyozi alipofika alivua miwani yake ya jua, akanitazama. Afadhali angetukana. Alimweka mama ndani, mimi nikakaa nyuma, tukakimbia, ubaridi ukitupiga usoni.

Tulifika saa saba kasorobo. Nyumba imefungwa. Mlinzi alisema bibi alikataa kuingia kwenye gari mpaka saa sita na nusu. Alikaa ngazini na koti lake, anatazama njia. Watoto wake wakamnyanyua.

Walitupigia simu kutoka uwanja wa ndege. Dada mtu masikio yamechoka, kwenye simu ndiyo kabisa. Mama alikuwa anamwambia kwaheri, mwenzake anauliza mko wapi. Anamwambia nakupenda dada, mwenzake anauliza mmefika wapi, mko wapi. Mpaka simu ikakatwa.

Tuliporudi garini mama alinishika mkono. "Nilikuwa nauangalia, mwanangu," alisema. "Haukupanda. Labda macho yangu, lakini mimi niliona haukupanda."

Sikusema kitu. Mungu anisamehe, sikusema kitu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Gari limevutwa kwa kamba hadi kwa fundi. Hedi imefunguliwa. Imepinda, na ina ufa mdogo kati ya silinda mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema fundi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu methali hiyo imenihusu neno kwa neno. Ufa utachomelewa kabla hedi haijasawazishwa, kazi ambayo Jumanne iliyopita isingekuwa ya lazima.

Kisha akaushika ule waya na utepe wake mweusi. Akauliza nani kafanya hivi. Nikasema panya. Fundi aliutazama ule utepe, ulivyozungushwa vizuri mara nne na kukatwa kwa mkasi. Akasema hana la kuongeza, ila panya huyo ana mikono safi.

Kwa bahati mbaya mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameniletea chakula.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Siku tatu mke wangu amezungumza nami kwa vitu tu. Sahani inawekwa. Mlango unafungwa. Leo kazungumza kwa mdomo. Mama yake hali vizuri. Amekwenda kupimwa macho. Amepimwa na kuambiwa macho ni mazima, lakini haamini, anasema daktari anamwonea huruma. Anaamini alisinzia zamuni, na kwamba kwa uzembe wake dada yake aliondoka peke yake.

"Nenda kamwambie mwenyewe," mke wangu alisema. "Mimi sitakusemea, wala sitakufichia. Nakupa mpaka Jumamosi."

Mficha uchi hazai. Nitakwenda. Nimeandika maneno kwenye karatasi, sentensi sita. Ya kwanza inasema mama, kosa ni langu. Nimeisoma mbele ya kioo bila kutetemeka.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Nimepiga moyo konde, nimekwenda. Karatasi mfukoni. Mama mkwe alikuwa sebuleni, na zile kanga mbili zimekunjwa juu ya kiti cha pembeni. Alinikaribisha, akaniwekea maji. Nikasema mama, nimekuja kuzungumza jambo. Akasema hata yeye ana jambo, na kwa kuwa yeye ni mkubwa, aanze.

Akaanza. Akasema pale mlimani alikuwa akisimulia habari za mumewe, na huenda alifumba macho kidogo, kwa raha tu, na huenda ndipo mshale ulipopanda ukashuka. Miaka thelathini hakuwahi kufanya kosa hilo, na amelifanya kwenye mikono yangu, katika gari nililolitunza kama yai. Akasema hajalala vizuri tangu siku ile.

"Unisamehe, baba," alisema.

Nilikuwa na sentensi sita. Nilizigusa mfukoni. Zilikuwepo zote. Nikafungua mdomo, na nikajisikia nasema: "Nimekusamehe, mama. Usijali."

Akalia kidogo kwa kufarijika, akanibariki mimi na kizazi changu. Nikanywa yale maji.

Nyumbani mke wangu aliuliza kama nimeongea na mama. Nikasema tumeongea kirefu. Akauliza ikawaje. Nikasema tumesameheana. Macho yake yalilainika. Kanipikia vizuri, nami nikala.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Gari limepona! Linanguruma taratibu, hakuna moshi, maji yametulia. Waya umerudishwa mahali pake. Fundi kaniambia nirudi baada ya siku tatu bila kukosa, amwage oili, kwa kuwa ile ya kwanza inasafisha uchafu wa maji, aweke mpya na kukagua kama hedi inavuja popote. Amelirudia mara mbili. Akaniandikia na kwenye karatasi.

Nimelitazama gari likiwa limeoshwa. Kweli, fundi ni fundi. Ila mafundi wote wana tabia ya kutaka kukuona tena. Gari linalokwenda vizuri hivi lirudishwe gereji kwa nini?

Jumapili, tarehe 30 Juni

Mama mkwe amepata barua. Watoto wa dada yake wamerekodi sauti ya bibi na kuipeleka kwa rafiki yao, anayeishi upande wa pili wa mlima. Ni ya nusu saa, na ni ya mama peke yake. Anataka kwenda kuisikiliza. Kiyoyozi alisema atampeleka. Nami nikasema hapana, zamu hii ni yangu, nina deni. Mke wangu alinitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona.

Nikamfungulia mama mlango wa mbele. Akakataa. Akasema kiti hicho si chake tena, akae mtu mwenye macho. Akaingia nyuma, akajiweka katikati, mkoba mapajani, mdogo kuliko siku zote. Nilisimama na mlango wazi mkononi. Roho iliniuma kuliko mlimani. Nikajiapiza kwamba tukifika tu, kabla hajasikiliza hiyo sauti, nitamwambia kila kitu.

Tukaondoka. Tulipouanza mlima, taa nyekundu ya oili, oili ile ambayo sikurudi kwa fundi kuibadilisha, ikawaka mbele yangu. Mama alikuwa anatazama nje dirishani. Nikashukuru Mungu kwamba amekaa nyuma, nikakanyaga mafuta.