Zima Simu Tupate Mnara

Jumatatu, 8 Julai 2024

Picha ya mjukuu ilianza kuingia asubuhi nikiwa nakamua. Mpaka jua linazama imefika nusu. Nimeona paji la uso na sikio moja. Mtoto ana miezi kumi, na mimi babu yake namjua kwa paji la uso!

Huku bondeni kwetu simu inaandika E tu. Unapiga, unasikika, basi. Video haifunguki hata uilazimishe. Lakini mkwe wangu Hermani, baba wa Alfredi aliyemuoa binti yangu Violeth, anakaa juu mlimani, na kule simu inashika 4G kutoka mnara wa Dongobesh. Kila siku saa kumi anapigiwa video kutoka Dodoma, wanakoishi. Jana kanisani alinisimulia mbele za watu kwamba mtoto akiona sura yake anasema babu. Akaongeza kwamba pua ni ya kwao. Akanikaribisha nikamwangalie kwake siku yoyote.

Siendi. Mtu aliyenitolea mahari ya mtamba mwenye jicho bovu, siendi kukaa sebuleni kwake kuomba nionyeshwe damu yangu.

Ila leo ofisi ya kata imeniarifu, mimi mwenyekiti wa kitongoji: kampuni ya simu inataka kujenga mnara, na sisi tupo kwenye orodha. Mhandisi anakuja Alhamisi kupima. Hermani atanikoma.

Jumanne, 9 Julai

Nimepata akili. Wakikuta simu zinaita huku, watasema mtandao tunao, mnara wa nini tena? Kwa hiyo nimepita nyumba kwa nyumba. Amri: simu zote zizimwe kuanzia leo mpaka mhandisi aondoke, na zifichwe. Mzee Akonaay amefukia ya kwake kwenye gunia la maharage. Mama Marieta peke yake amebisha, eti anasubiri wateja wa vitunguu saumu. Nimemkaripia mpaka sauti imekauka.

Mke wangu Imakulata aliniuliza kama kuna mtu yeyote niliyemuuliza wanachopima ni nini hasa. Nikamuuliza mwenyekiti ni nani humu ndani. Akasema haya, akaendelea kupukuchua mahindi.

Alhamisi, 11 Julai

Mhandisi ni binti, anaitwa Samira. Adabu anayo. Shikamoo kwa kila mzee, hata kwa Akonaay aliyekuwa amesinzia. Akazungusha gari lenye antena juu ya paa, akaweka kompyuta kwenye boneti. Akauliza watu kama wana simu. Wote kimya, macho chini, kama nilivyowafundisha. Nikamjibu kwa niaba yao kwamba sisi habari za simu tunazisikia kwa majirani tu. Akanitazama kidogo, akaandika.

Nikamchinjia jogoo. Leo nalala usingizi mnono.

Jumatano, 17 Julai

Tumefutwa kwenye orodha. Tumefutwa!

Nilimpigia Samira nikifoka. Akanisubiri nimalize, halafu akanieleza taratibu. Kwamba 4G haifiki bondeni walijua tangu ofisini. Walichotaka kujua ni kama kuna watu wa kuitumia. Simu ikiwashwa inajitambulisha kwenye mnara wa mbali, na kampuni inahesabu. Siku za kuhesabu, Jumatano na Alhamisi, kitongoji kizima kilikuwa na simu moja. Na mimi mwenyewe nilimthibitishia kwamba hatuna.

Hiyo moja ni ya Mama Marieta. Yaani mama huyu! Nilisema zizimwe zote, yeye akaacha yake inawaka apate kuuza vitunguu. Angetii, tungekuwa sifuri kabisa, na watu wa sifuri wangeonewa huruma. Leo sijamsalimia.

Samira alisema jambo moja la maana. Mwisho wa mwezi orodha inapitiwa upya, na wateja wakionekana wanatumia mtandao, inaweza kubadilika. Hilo nimelishika.

Jumapili, 21 Julai

Naandika kwa hasira.

Baada ya ibada niliwaongoza watu wangu mpaka juu, nje ya zizi la Hermani, kwa sababu video zinafunguka huko tu. Simu arobaini na moja. Amri: saa kumi kamili kila mtu afungue video, iwe mpira, iwe mahubiri, kampuni ituone.

Saa kumi kasoro kidogo Imakulata akatokea mlangoni kwa Hermani. Kumbe alishaingia zamani. Akaniita: Violeth amepiga, mtoto anasimama mwenyewe, njoo. Nilisimama pale na hasira zangu zote. Halafu nikaingia. Nilitaka kumwona, siwezi kujidanganya kwenye daftari langu mwenyewe.

Nikamwona. Uso mzima, meno mawili. Pua ni ya kwetu, Hermani ni mwongo. Mtoto ameshika stuli, anatutazama. Akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili. Akanyanyua mguu.

Mguu ukabaki hapo hapo juu. Picha imeganda, kiduara kinazunguka. Nje watu wangu wanalalamika kwamba na za kwao zinazunguka. Dakika ishirini nzima tulikaa tunatazama mguu. Mwishowe Violeth akapiga simu ya kawaida: ametembea hatua nne, akaifikia simu, akasema babu. Hermani akaniambia pole mkwe, kwa upole, na hiyo pole ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Imakulata akasema, mbele ya Hermani, kwamba mtandao ni mmoja, nimeurundikia simu arobaini na moja kwa mpigo, na mwenye kosa ni mimi. Sikubali. Tulikuwa wachache, basi. Kwa simu arobaini na moja kampuni haiwezi kushtuka. Nimeshatuma ujumbe kata yetu yote ya Maretadu: Jumapili ijayo tuwe mia mbili, pale pale zizini. Saa kumi kamili, maana Violeth ameahidi kwamba saa hiyo mtoto atatembea tena.