Chumba cha Kupumzikia Walinzi Chafunguliwa Rasmi Dagoretti Corner

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Mwenyekiti na Mwanzilishi wa Jicho Kali Security, Mheshimiwa mke wangu Mama Kui, Mkurugenzi wa Fedha na Uji, Mchungaji, Bwana Balwant mwenye jengo, na nyinyi walinzi wangu wa mageti ya Lavington: kama kuna mkubwa nimeruka, basi si mkubwa sana. (Makofi ya Mama Kui.)

Nimesikia uvumi ati leo mnaacha kazi wote, mkimfuata mlinzi mwenzenu Ndunge. Ndunge, binti yangu, hebu keti. (Ndunge: "Kiti kiko wapi, Mzee?") Basi simama, tuendelee.

Mimi niliacha shule darasa la tatu, na mpaka leo hiyo shule haijapona, lakini nimefanya risachi ya kina, nikiwa ndani ya gari, nikagundua mambo yanayotoa mfanyakazi kazini ni matatu: shetani, simu, na mshahara wa jirani. (Kicheko.) Watu wa digrii wanasema ati ni mdosi, yaani bosi mwenyewe. Mdosi gani? Mimi nawapenda kama watoto wangu, ndiyo maana silipi ovataimu. Baba halipi mtoto. (Miguno.)

Ndunge analalamika ati akibanwa na haja, tajiri mwenye nyumba anayolinda hamfungulii choo, na akikimbia petroli stesheni mimi nasema ametoroka kazi. Ndunge, mwanamke anabeba mimba miezi tisa. Wewe unashindwa kubeba haja mpaka jioni? (Mlinzi Ogutu: "Mzee, hapo umepotea!") Ogutu, mimi sipotei, mimi ndio barabara.

Kwa hivyo leo, kwa uongozi wangu usio na mfano, kupitia strateji ya kuboresha mazingira ya kazi, nazindua chumba cha walinzi, cha kiwango cha dunia, choo ndani, maji moto, sofa, na asilimia mia moja na ishirini yenu wameridhika, na wale ambao hawakuulizwa wameridhika zaidi! (Makofi. Utepe unakatwa. Ndunge anafungua mlango: magunia ya simiti.)

Ndunge, funga, hiyo ni stoo ya hadiwea ya Bwana Balwant! Itikieni salamu ya kampuni: Jicho Kali, macho! (Walinzi wanachungulia magunia.) Mlinzi kwanza! Namshukuru Bwana Balwant kwa kutuazima mlango, maana chumba chenyewe bado hakiko, hata ploti hakina, lakini mahali penye ufunguzi Mungu hawezi kukosa kuleta jengo.

(Ndunge anavua koti la kampuni, analiweka mezani. Ogutu anafuata. Kisha wengine, mmoja mmoja.)

Na asanteni sana kwa kurudisha makoti mkiwa mmeyafua.