Kitanda cha Evaresta na Urefu wa Mkwe Mtarajiwa

Nestory Kaijage,
Chonyonyo, Karagwe.
Jumanne.

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, habari za kazi.

Jana asubuhi fundi Nolasco, msimamizi wa karakana ya ushirika wetu hapa Chonyonyo, alitamka mbele ya kamati kwamba kitanda cha harusi cha binti yangu Evaresta kitachongwa kwa programu ya zamani. Sababu aliyoitoa ni urefu wa bwana harusi. Nilikuwepo, nilimsikia, na nilimwomba arudie ili niandike vizuri. Akarudia.

Napinga uamuzi huo. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini, nikianza na yale ambayo msomaji wa mbali hayajui.

Karakana yetu ina mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Ndani ya kompyuta hiyo kuna programu mbili. Ya zamani tunaiita Hakimu, kwa sababu haikati ubao kabla ya kukuhoji: ubao ni wa mti gani, una unene gani, kisu kina upana gani, kizunguke kwa kasi gani, kishuke kiasi gani kila kikipita, kianzie wapi, kisiguse wapi. Ukiijibu yote sawasawa itakuchongea chochote, hata nguzo za kanisa zenye mizabibu. Ukikosea jibu moja, inavunja kisu. Ya pili ililetwa mwaka jana na inaitwa Ndiyo. Ina picha za kigoda, mlango, msalaba, kitanda na jeneza, na kitufe kimoja cha kijani. Unachagua picha, unabonyeza, unakaa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakimu ilitutenga. Aliyeiweza ni Nolasco peke yake, na enzi zake nilishuhudia watu waliomzidi umri wakimwamkia yeye shikamoo kwa sababu walitaka mlango. Ndiyo ilipokuja tulipona. Mama Dafroza, anayetupikia chai, alikiegemea kitufe kwa kiwiko akiwa na birika mkononi, kikatoka kigoda. Anakikalia mpaka leo.

2. Katika ukoo wetu, kitanda cha binti anayeolewa hutengenezwa na baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Babu aliwachongea shangazi zangu kwa tezo. Baba aliwachongea dada zangu kwa tezo ileile. Mimi nimetumia maisha yangu kubeba kalamu na kinasa sauti. Msumari nikiupiga, unalala. Kwa Hakimu ningebaki kumshikia Nolasco koti. Kwa Ndiyo, baba yeyote mwenye kidole anaweza. Tangu Evaresta achumbiwe nimekwisha kuchagua ni kidole kipi.

3. Bwana harusi ni Winston, mwalimu, kijana wa Songambele wilayani Kyerwa. Alipokuja kujitambulisha aliingia ameinama, tukamsifu kwa adabu. Akala, akatafuna buni za kahawa tulizomkaribisha nazo, akatoka ameinama vilevile. Ni safari ya pili, tulipomkuta amesimama uani, ndipo tulipotambua kwamba tuliyoisifu ilikuwa kazi ya mlango. Ana futi sita na inchi nne. Kitanda cha Ndiyo kina futi tano na nusu. Nolasco alitafuta mahali pa kuongeza urefu, hakupaona. Kwenye Ndiyo hakuna mahali pa kuongeza chochote, na hapo ndipo wepesi wake ulipo. Sasa nauliza kwa heshima: kati ya programu inayotumiwa na kata nzima na kijana mmoja, nani abadilike?

4. Niliwaomba wakwe, kwa upole, wafikirie kijana alale amekunja magoti, kama watu wengi wa huku wanavyolala wakati wa baridi. Shangazi yake, Bi Adelgunda, alijibu: "Mwanangu si mkeka." Nikapendekeza alale kutoka pembe hadi pembe. Akauliza: "Na bibi harusi tumtundike wapi?" Alimaliza kwa kusema kuwa kama kwetu kitanda hakuna, watakuja nacho cha kwao, juu ya lori, mchana, watu wakiona. Ndugu Mhariri, lori hilo likipita, mimi sokoni Kayanga siendi tena.

5. Hapo Nolasco, aliyekuwepo kwenye mazungumzo hayo, akidhani anasaidia, alisema kuwa jeneza la Ndiyo lina futi sita na nusu na kwamba mbao zake za ubavuni zingefaa. Nilipima mwenyewe, ni kweli. Maana yake waliotengeneza Ndiyo wanafahamu kuwa watu warefu wapo, ila wanawatambua wakishakufa. Bi Adelgunda alichukua mkoba wake akamwambia kijana wa bodaboda awashe. Tulimrudisha kwa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, tena kwa shida.

6. Kwa kuwa Ndiyo haibadiliki, nilitafuta suluhisho la kudumu. Yupo kijana wa Nyakasimbi anayeitwa Elipidius: mkulima, Mkatoliki kama sisi, migomba yake imepaliwa, futi tano na inchi mbili. Nilimwomba ajilaze juu ya kitanda cha mfano pale karakana. Alienea, na nafasi ya mto ikabaki. Nilimpelekea Evaresta matokeo hayo bila kuongeza maoni. Alisema: "Baba, Elipidius mpe kitanda. Winston niachie mimi." Mama yake alicheka mpaka akatoka nje. Hoja yenyewe hakuna aliyeijibu.

7. Kwa hiyo naziomba mamlaka za Karagwe na Kyerwa zipitishe utaratibu mmoja: kijana anayetaka kuoa katika kata yenye programu ya Ndiyo apite kwanza chini ya ufito wa futi tano na nusu, ndipo apeleke barua ya uchumba. Huu si ubaguzi. Walio warefu wataoa kwao, ambako Ndiyo haijafika. Baada ya vizazi viwili wakazi wote tutakuwa na kimo kimoja, sare za shule zitashonwa kwa kipimo kimoja, hakuna mgeni atakayeinama mlangoni tukamdhania ana adabu, na Hakimu itafutwa kwenye kompyuta bila kumuumiza mtu. Jeneza nalo litabaki na nafasi ya kuweka viatu.

Nimeyaandika haya nikiwa nimetulia, na yote niliyoyataja nimeyaona au nimeambiwa na mwenyewe. Uwasalimie wote hapo ofisini, yule anayesahihisha makosa yetu, na mama anayewaletea chapati. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kitanda.

Wako katika kuutetea urahisi,

Nestory Kaijage

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha fundi Nolasco alipopita nyumbani kunieleza jambo ambalo jana sikumpa nafasi ya kulisema. Hakimu ikishajibiwa maswali yake yote, haianzi yenyewe. Inasubiri mtu abonyeze. Nikamuuliza mtu gani. Akasema: "Mzee, maswali nayajibu mimi. Lakini binti ni wa nani?" Kitufe si cha kijani, nimeuliza, ni cha kijivu. Kinatosha. Tafadhali futa kuanzia namba 1 hadi 7, na ule ufito usiutaje kabisa, kwa sababu mama Evaresta amenikumbusha kwamba mimi mwenyewe nina futi sita kasoro inchi moja na baba yake alinipokea hivyohivyo. Elipidius nimemwomba radhi na nimempelekea kigoda, ambacho nilikibonyeza mwenyewe kwa mazoezi. Winston atafika karakana Alhamisi asubuhi kujilaza juu ya meza ya mashine apimwe, na Bi Adelgunda atakuja na futi yake mwenyewe ya kupimia. Kitufe nitakibonyeza Ijumaa, saa nne.