Damu Yangu Inanisingizia

Mwalimu Mukhwana (mstaafu),
Kitanda cha 11, Wodi ya Upasuaji,
Kitale.
Ijumaa

Mheshimiwa Daktari Kipyegon,

Salamu kutoka kitandani, na ahsante kwa kunitoa kidole tumbo Jumapili. Kazi ilikuwa safi. Ndiyo maana nasikitika kwamba leo asubuhi umekataa kuniruhusu kwenda nyumbani, eti kwa sababu ya kipimo cha damu kiitwacho CRP. Malalamiko yangu ni haya:

1. Unasema namba hiyo huonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini, na kufikia leo ilipaswa kushuka. Yangu imepanda kutoka tisini hadi mia moja themanini na sita. Nimefundisha hesabu Saboti miaka thelathini na moja, na mwanafunzi aliyepanda hivyo tulimpigia makofi. Hatukumfungia.

2. Kesho ni mazungumzo ya mahari ya Nabwile, mtoto wa marehemu dada yangu, huko Kanduyi. Mimi ndimi mjomba, na kwetu Wabukusu mambo hayo hayaendi bila mjomba. Nisipofika, kiti changu kitakaliwa na mdogo wangu Wanyonyi, ambaye akishapewa chai na mandazi hukubali lolote. Tayari amenipigia simu, ati nipumzike tu, yeye si mtoto bana, atamalizana na hao watu. Sijasikia habari mbaya zaidi ya hiyo wiki hii, hata kutoka maabara yenu.

3. Damu hiyo mliitoa mkononi, ilhali mlinipasua tumbo. Kama mkono ndio wenye kesi, niko tayari kuuacha hapa hadi Jumatatu, mradi mimi niende.

4. Ikishindikana, wakwe wote kumi na wawili waje hapa wodini. Mtahamisha wagonjwa wawili watatu tu, na Sista Sumeya atapika chai.

Wasalimie wenzako wote, hata huyo anayeandika namba.

Wako mwenye afya njema kabisa,
Mukhwana

Tanbihi: Kila asubuhi, kabla Sista hajanipima joto, nimekuwa nikimeza vidonge viwili vya homa nilivyoficha chini ya mto. Viliisha jana. Sasa natetemeka, bendeji imelowa na inanuka, na Nabwile, aliyekuja kuniona, ndiye anayeniandikia mistari hii huku akilia. Anasema hataki ng'ombe wala sherehe, anataka mjomba. Daktari, naogopa. Njoo upesi, na hiyo damu uisikilize wewe, mimi usinisikilize.