Chupa ya Mzee Walter Niliyoitikisa

Jamani, leo nimeaibika hadi nimetamani sakafu inimeze. Naandika nikiwa kwenye basi, theluji inaanguka Buffalo nzima, na nyie wa Louisville mnaota jua huko. (Msicheke kabla sijamaliza.)

Mnajua namtunza mzee Walter, yule mstaafu wa kiwanda cha chuma cha Lackawanna aliyefiwa na mkewe. Leo ilikuwa siku yake ya mwisho nyumbani kwake. Nyumba imeuzwa, wamiliki wapya wanaingia wiki ijayo. Binti yake, Diane, amekuja na gari kumchukua akaishi naye Columbus. Maboksi yamejaa hadi mlangoni. Mzee ameketi katikati ya maboksi hayo, amevaa tai.

Alibakiwa na jambo moja tu. Chupa ya mvinyo mwekundu wa Uhispania, aliyoinunua hukohuko na mkewe walipokuwa vijana. Imelala kwenye chumba cha chini miaka yote. Alitaka kuinywa na Diane kabla ya kufunga mlango. Hofu yake ilikuwa moja: huenda mvinyo umeshakufa. Juzi aliitoa, akaisimamisha kwenye rafu ya jikoni.

"Espe, niletee ile chupa," akasema. "Polepole."

Nikaenda. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini kabisa, mashapo meusi yametulia kama matope ya kisima. Nikamhurumia mzee wa watu.

Nyie tuliokua pamoja kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma mnaikumbuka pombe ya ndizi ya mama. Mgeni ukimmiminia maji ya juu, anaondoka akisema nyumba ile wana roho mbaya. Utamu uko chini. Na hapa kazini, maziwa ya lishe ya mzee natikisa, dawa yake ya kikohozi natikisa. Basi nikaikamata chupa shingo na kitako, nikaitikisa kwa heshima zote. Kisha nikaipeleka polepole, kama nilivyoagizwa.

Mzee akaifungua mwenyewe. Akatandika kitambaa cheupe. "Diane, mvinyo ukizeeka vizuri, ukingoni unakuwa na rangi ya tofali. Tazama." Akamimina. Akainamisha glasi juu ya kitambaa.

Tukatazama. Yalikuwa maji ya mtaro.

"Baba," Diane akasema, "hiki ni nini?"

Nami (mdomo huu, mdomo huu) nikajibu kwa furaha: "Nimeutikisa vizuri, mzee. Uzuri wote ulikuwa umelala chini."

Mzee akafumba macho. Diane akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba mashapo yale ni machungu, na kwamba baba yake aliisimamisha chupa juzi ili yashuke.

Nikakimbilia jikoni nikampigia mama, yuko huko kwenu Louisville, mtaa wa Highview. Nikamweleza yote.

"Sasa ulitaka umpe mzee wa watu maji ya juu?" akanifokea. "Ndivyo nilivyokulea?"

(Huo ndio msaada niliopata.)

Niliporudi, mzee alikuwa ameshaonja. Anatafuna kama mtu aliyekuta mchanga kwenye ugali. "Cheri zilizokauka," akasema, akitaja ladha moja moja. "Ngozi. Tumbaku kidogo." Akatema mashapo kwenye kitambaa. "Uko hai, Diane. Chini ya uchafu wote huu, uko hai."

Diane akaonja, uso ukamkunjika. "Mashapo yanachukua muda gani kushuka?"

"Siku mbili."

"Utakuwa umegeuka siki."

"Tutakunywa siki."

Diane akatazama maboksi, akatazama theluji dirishani. Akavua koti. Mzee akarudisha kizibo, akaipeleka chupa mwenyewe kwenye rafu.

Basi hawaondoki hadi keshokutwa, na kesho narudi kazini, ila nimekatazwa kuisogelea rafu hiyo. Mkitaka kucheka, ndugu zangu, chekeni. Msitikise nyumba tu.