Sahihi Sitini za Viti Mia

Jumatatu, 3 Machi
Barua imefika! Fungu la maendeleo ya mtaa limepitishwa. Sharti moja tu: wakazi wachague wenyewe litumike kwa jambo gani, na sahihi sitini ziambatanishwe. Mimi, katibu wa kamati, nimeshawachagulia. Viti mia, turubai na kipaza sauti, vyote vitunzwe kwangu. Watu watashiriki vipi mambo ya mtaa wakiwa wamesimama? Mama kalalamika kwamba kivuko cha mbao cha kuvukia mtaro kimeoza, ubao wa tatu unacheza. Nikamwambia azungukie barabara kuu. Akasema magoti yake hayafiki huko. Nimemwahidi kiti.

Jumatano, 5 Machi
Mkutano una maneno mengi. Nimepita nyumba kwa nyumba na karatasi tupu: watie sahihi sasa, maombi nitayaandika juu kwa utulivu. Ya kwanza nimetia mimi, kuonyesha mfano. Wakiuliza ni ya nini, nasema mahudhurio. Hamsini na tisa! Ya sitini ni ya mshonaji, yule aliyenishinda kwa kura mbili tulipogombea uweka hazina. Akauliza mbona juu hakuna kitu. Nikasema ndio utaratibu. Akasema miwani yake iko kwa fundi, nimwachie karatasi mpaka Ijumaa. Nikamwachia, shingo upande.

Ijumaa, 7 Machi
Mama ameanguka mtaroni. Ubao wa tatu. Alikuwa anakwenda kuchukua dawa zake za presha. Mshonaji na fundi baiskeli ndio waliomtoa, matope mpaka kifuani. Mguu umevunjika mahali pawili. Mimi nilikuwa dukani nachagua rangi ya turubai. Nilikaa kwenye korido ya hospitali nikalia, sioni haya kuandika. Mama hakunilaumu. Aliuliza tu kama nimekula. Nimeapa kubadilika.

Karatasi nimesahau kuzifuata.

Jumanne, 11 Machi
Mungu wangu! Mshonaji kazipeleka mwenyewe. Afisa maendeleo kanipigia simu kunipongeza: hajapata kuona mtaa mzima ukisema kauli moja. Kivuko cha zege, chenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Nikaenda kwa mshonaji nimefura. Akanijibu bila kuinua macho kwenye cherehani: amewapitia wote hamsini na nane, akawauliza swali nililosahau kuwauliza, ndipo akaandika. Mbona mimi hakuniuliza? Akasema alikuja kwangu, akaambiwa nimekwenda kuulizia viti.

Jumamosi, 26 Aprili
Kivuko kimefunguliwa. Watu walijaa kando ya mtaro, wamesimama muda wa saa mbili, na hata mmoja hakuulizia kiti. Hotuba yangu haikusikika. Si nilisema tunahitaji kipaza sauti! Mama akavuka na gongo lake, polepole, mkono mmoja kwenye chuma. Katikati akasimama, machozi yakamtoka. Yakanitoka na mimi. Akaniambia, mwanangu, siku nyingine waulize watu kwanza. Nikamwahidi mbele ya wote.

Jioni imefika barua nyingine. Fungu la pili, sharti lile lile. Nimenunua karatasi mpya, na safari hii mshonaji hazigusi ng'o. Nimeanza na Mama. Nilimwambia ni mahudhurio. Akatia sahihi bila hata kuitazama karatasi. Alisema kwa mwanawe hana haja ya miwani.