Runinga ya Bei Poa na Macho ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua! Runinga bapa. Nyembamba kama daftari, pana kuliko meza yetu ya kulia. HD! Imeandikwa pande zote nne za boksi, na chini pia, kwa ajili ya watakaoligeuza. Bei poa kabisa. Muuzaji aliniapia kuwa ni rahisi kwa sababu tu jina la kampuni halijulikani, na kwamba mtu makini hanunui jina. Nikajiona mtu makini.

Mke wangu akauliza kama ina dhamana. Nikamwambia ina nailoni. Kioo chote kimefunikwa nailoni safi kutoka kiwandani. Akanyoosha kidole aibandue. Nilipiga kelele! Mimi kazi yangu ni kutoa fotokopi na kutia vyeti vya watu laminesheni, mwaka wa kumi na moja huu. Kitu kikiwa ndani ya plastiki hakizeeki. Nailoni haitoki.

Jumanne, 4 Machi

Niandike mpango wenyewe, kabla furaha haijanisahaulisha.

Mama mkwe anatolewa bandeji Jumamosi. Miaka sita mtoto wa jicho amemzibia macho yote mawili, sasa amefanyiwa upasuaji. Daktari ameagiza apumzike mwezi mzima kwa binti yake mmoja. Anao wawili: mke wangu, na dada yake aliyeolewa na mwenye duka la dawa. Huyo mume wa shemeji ndiye mwanyumba wangu, na huyo ndiye mwiba wangu. Mara ya mwisho mama alipougua alikwenda kwao. Mke wangu hakulalamika. Ila kila siku alifua shuka za kitanda cha wageni, ambazo hakuna aliyezilalia, akazitandika upya. Sitaki kuiona tena hali ile.

Safari hii mama atakuja kwetu siku mbili, kisha ataamua. Kitu cha maana cha kwanza atakachokitazama kwa macho mapya kitakuwa runinga yangu. Akishaiona ataondokaje?

Tatizo dogo: hakuna ukuta wenye nafasi isipokuwa ule wa dirisha. Nimeitundika mbele ya dirisha, ikaliziba lote. Sebule imeingia giza zuri sana. Mke wangu anasema ni pango. Nikamkumbusha kuwa hata kwenye sinema hawawashi taa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefunga duka mapema, nikakaa mbele yake peke yangu. Jamani! Sikujua HD ni laini hivi. Kila kitu kimo ndani ya ukungu mwepesi, kama mvuke wa maji ya kuoga. Msoma habari anajitokeza polepole humo ndani. Hana pua hasa, ana dalili ya pua. Nilimtazama mpaka nikasahau kusikiliza. Baadaye ukaja mpira. Wachezaji hawakimbii, wanaelea. Mmoja alipiga shuti akayeyuka.

Nikaota macho yangu yakiwa wazi. Mama mkwe ameketi kwenye kiti kikubwa, mkono wake uko begani mwangu, anawaambia majirani kwamba mkwe ndiye huyu. Mwanyumba amesimama mlangoni, viatu mkononi, anaomba kuingia. Mke wangu anacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kabla hajanizoea. Nilipozinduka chai ilikuwa imepoa na mpira umekwisha. Sijui nani kashinda. Raha tupu.

Mwanyumba kweli akapita jioni. Akaitazama kwa muda, akauliza kama yule ni waziri au mbuzi. Wivu! Akanishauri nibandue nailoni. Wivu mtupu!

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Amefika saa nne asubuhi, na miwani myeusi ya hospitali. Akaivua pale mlangoni. Alimshika mke wangu mashavu, akamtazama muda mrefu, akasema amekonda, tena amependeza. Wakalia wote wawili. Mimi nikangoja zamu yangu. Mama akageuka, akanikagua kutoka utosini hadi kwenye viatu, safari ambayo haikumchukua muda. Akamuuliza mwanawe kama ndiye huyu. Akajibiwa ndiye. Akasema siku zote alijua mimi ni mrefu. Kumbe ilikuwa sauti tu.

Nikajisemea: subiri runinga. Nikamketisha mbele kabisa. Nikabonyeza rimoti, kwa nguvu, kwa sababu nayo imo ndani ya nailoni yake.

Akatazama. Akafumba macho, akafumbua. Machozi yakamtiririka. Nikamnong'oneza mke wangu kuwa mambo yameiva, mama habanduki hapa.

Ndipo mama akasema, kwa sauti ya mtoto, kwamba umerudi. Ule ukungu umerudi. Akaomba apelekwe kwa binti mwingine, kule ni karibu na hospitali. Mke wangu akaanza kumfungia nguo, anakosea vifungo vya begi. Mimi nimesimama kama mlingoti. Niliogopa, tena si kwa ajili ya runinga. Niliogopa kwamba mama amerudi gizani, na kwamba mke wangu atarudi kufua zile shuka.

Mama akainama kutafuta mkoba wake. Alipoinuka akaiona kalenda ukutani. Akasoma tarehe kwa sauti. Akasoma mpaka yale maandishi ya chini kabisa, jina la mtengenezaji na sanduku lake la posta. Akaitazama runinga. Akarudi kwenye kalenda. Akairudia runinga. Akaisogelea uso kwa uso, akapeleka ukucha kwenye pembe ya kioo. Nilitaka kupiga kelele, nikachelewa.

Kraaa! Nailoni yote, kwa mkupuo mmoja!

Msoma habari ana pua! Ana kidoti shavuni pia, na amechoka, maskini. Nilihuzunika kidogo. Mama akaniuliza hivi mwanangu, nimekukosea nini, mpaka uninunulie ugonjwa wangu na kuutundika ukutani? Kisha akacheka hadi akajishika mbavu. Mke wangu naye akaanza. Na mimi nikacheka, nikiwa nyuma yao kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Anabaki! Mwezi mzima!

Sharti moja: runinga itoke dirishani. Imetoka. Iko sakafuni, imegeukia ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Pale dirishani mama ameweka kiti, na tangu asubuhi anatazama barabara. Anamwona fundi wa pancha. Anawaona watoto wa shule, anawahesabu soksi. Akatuita mbio tuje tuone, tukadhani kuna ajali, kumbe ni mwanamke aliyebeba mwavuli mwekundu. Mke wangu ameketi karibu naye, kichwa gotini pa mama, anasimuliwa barabara ambayo anaiona kila siku. Hawajui hata kama nipo. Nilisimama pale nikiwatazama mpaka nikachelewa kufungua duka.

Mwanyumba alikuja kuniuliza siri ya ushindi. Nikamwambia: runinga.

Jumapili, 16 Machi

Miwani ya mama ya kusomea vitu vya karibu imeletwa leo. Fremu nzuri, ya rangi ya dhahabu. Mama amejipumzisha baada ya chakula, miwani ameiacha mezani. Nikaichukua niitazame. Nilishtuka! Vioo vitupu! Havina kitu juu! Mtu ameteseka miaka sita, halafu anapewa vioo vitupu, vichubuke ndani ya wiki!

Nimekwenda dukani mbio. Nimerudi na plastiki yangu bora ya laminesheni, ile nene ninayowawekea watu vyeti vya ndoa. Nikakata viduara viwili. Nikavibandika juu ya vioo vya miwani kwa pasi ya uvuguvugu, taratibu, kila upande. Vimeshika! Safari hii hakuna ukucha utakaovibandua, hilo somo nimelipata vizuri.

Nimejaribu kuivaa. Sebule yote ikawa laini. Mke wangu alipita mlangoni na ndoo, nami nikamwona kama malaika anayeelea, hana pua.

Nasikia kitanda kinalia. Anaamka. Nimeirudisha mezani, na nimejisogeza karibu ili niwe mtu wa kwanza kushukuriwa.